Maji ya Suuza

Sechelela, kabla hujashika spana
igeuze kichwa chini, ikalie tandiko na hendeli,
magurudumu hewani, kama mbuzi anayekataa kisu.
Usiogope. Hii haina pembe.

Maji usichote mapya.
Hapa Bahi ndoo moja ina safari nyingi kuliko wewe:
asubuhi imesuuza sare za shule,
sasa itafuta baiskeli, kisha ikafie kwenye shina la mpapai.
Chovya kitambaa, kamua, futa.
Usimwage. Ukimwaga yataingia kwenye ekseli,
yatalala na gololi humo ndani,
na kesho njia nzima utazisikia zikisaga meno.

Anza na fremu. Ni rahisi, inakupa moyo.
Halafu rimu, pale raba za breki zinapong'ata,
halafu spoku, moja moja. Zipige kwa ukucha:
iliyokaza inalia ting',
iliyolegea inasema du,
kama mtu aliyeulizwa deni mbele za watu.
Hiyo ifunge uzi mwekundu, umpelekee Chedego.
Usiikaze wewe. Mimi nilijifanya fundi
rimu ikatoka na umbo la yai.

Mnyororo.
Hapa nisikilize, maana nilikosea mwaka mzima.
Nikiuona mkavu nachukua mafuta ya alizeti,
yale yale ya kukaangia, namimina.
Uling'aa mpaka Kigwe.
Kurudi, upepo wa Julai ukaja na vumbi lake,
mafuta yakalipokea kama mkwe,
na jioni nilikuwa nakanyaga ugali.
Kwanza safisha: mswaki mkuukuu,
mafuta ya taa kifuniko kimoja cha soda,
sugua mpaka kila pingili ikumbuke kuwa ni chuma.
Ndipo oili ya cherehani. Tone, pingili. Tone, pingili,
mkono wa pili ukizungusha pedeli kinyumenyume.
Ngoja kidogo.
Sasa chukua kitambaa kikavu
uifute oili uliyotoka kuiweka.
Najua. Umeinunua.
Lakini ya kufanya kazi imeshaingia ndani;
iliyobaki nje inangoja vumbi tu.

Tairi la nyuma limelala, umeliona?
Litoe kwa mikia ya vijiko viwili, bisibisi hapana,
bisibisi itakupa tundu la pili bure.
Jaza tyubu upepo, izamishe ndooni kipande kwa kipande,
itakuonyesha yenyewe inapopumulia.
Kabla ya kiraka, pitisha vidole ndani ya tairi,
taratibu, kama unachambua mchele:
mwiba wa mgunga haujaondoka, unakusubiri urudishe.
Piga msasa. Solusheni nyembamba.
Usibandike ikiwa mbichi, iache mpaka isishike kidole.
Na kiraka ukate duara, pembe hubanduka.

Ndivyo ninavyofundisha. Ila tazama hapa.
Hiki si changu. Nilikikuta siku ya kwanza kuifungua:
kiraka cha pembe nne, mkasi butu,
na ukingoni, kwenye solusheni iliyokauka,
alama ya dole gumba.
Ndahani. Kaka yangu, aliyepanda treni ya usiku
akaniachia baiskeli hii na deni la mbegu.
Miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu
yule hajawahi kutunza kitu.
Hakuna pembe hata moja iliyobanduka.
Nilikaa na tyubu mapajani mpaka watoto wakauliza wanakula nini.
Kisha nikakata changu, duara,
nikakibandika kando ya chake.

Haya, pampu ni ya mama Yaledi,
mrudishie kabla hajaiulizia, anapenda kuuliza kwa sauti.
Breki ijaribu ukiwa unasukuma, usisubiri mteremko.
Na haya maji, kumbe yameshika oili,
mpapai niliusemea bure.
Yamwage mlangoni. Yatatuliza vumbi
hatua mbili, tatu,
mpaka lori lijalo.